Mwaka Tulioitwa Monserati

Mwezi uliopita nilikwenda stendi ya magari ya Kasese kumpokea mgeni, nikampita mara mbili bila kumjua. Naye alinipita vilevile. Mwishowe tukabaki sisi wawili tu karibu na mwanamke anayeuza karanga, tukatazamana, akatamka jina langu kwa ile lafudhi yake inayoimba, na hapo nikamjua. Alikuwa Alford, mtu wa kisiwa cha Monserati huko Karibi, ambaye mara ya mwisho kuonana naye hakuwa na mvi, nami sikuwa na kitambi. Tulikwenda chumbani kwake katika nyumba ya wageni, tukaagiza chai ya maziwa na chapati, na kwa muda mrefu hatukusema lolote la maana. Tulizungumzia magoti. Tulizungumzia joto. Akaniuliza kama bado ninadaka mpira, nikamwambia siku hizi ninadaka watoto wasianguke kitandani. Kisha akatazama milima dirishani, akasema, "Rashidi, mwaka ule ulinifaa kuliko nilivyowahi kukwambia." Nilitaka kumjibu kwamba ulinifaa hata mimi, lakini nikamwongezea chai tu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyotaka kumjibu.

Ilikuwa mwaka 2012. Nilikuwa nauza viatu vya mitumba Bwera, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, na jioni nilikuwa kipa wa timu ya Mizani. Jina tulilitoa kwenye mizani ya kupimia magunia ya kahawa, kwa sababu wachezaji wengi walikuwa wapakiaji, madalali na waendesha bodaboda waliokuwa wakishinda hapo. Katika ligi yetu tulikuwa wa mwisho. Sisemi karibu na mwisho, nasema wa mwisho, kiasi kwamba timu za Kisinga na Kinyamaseke zilikuwa zikija kucheza nasi zimeshapanga nani atafunga la kwanza. Basi siku moja mtangazaji wa redio, mtu mwenye utani mwingi, akasoma orodha ya timu za taifa za dunia nzima akianzia chini. Akasema huko chini kabisa kuna Monserati, akasema hata yeye hajui ni wapi, kisha akaongeza, "Au labda ni ile timu ya Bwera!" Kufikia siku ya soko iliyofuata hakuna aliyekumbuka tena kwamba tuliitwa Mizani. Watoto waliniita Monserati nikipita. Wateja waliniomba viatu vya Monserati, yaani vile visivyojua kupiga mpira. Leo nikisimulia watu wanacheka, nami nacheka pamoja nao, lakini wakati ule nilikuwa kijana, na kijana hubeba jina la kejeli kama gunia lililolowa mvua. Nilikuwa nimeanza kuwaza kuhama mji.

Kimbilio letu lilikuwa chumba cha nyuma cha hoteli ya Mama Hadija. Mama Hadija alikuwa mjane, mfanyabiashara wa siku nyingi mpakani, sauti yake ikisikika mpaka ng'ambo ya barabara. Jezi zetu zilianikwa kwenye kamba juu ya vichwa vyetu, kwa hiyo kila tukila zilikuwa zikitudondoshea maji shingoni. Alitupikia bundu, ule ugali wa muhogo unaovutika, kwa samaki wa Katwe, na siku za wateja wengi kukawa na sombe, yaani kisamvu, iliyotiwa mawese. Kati ya chumba chetu na cha wateja lilikuwapo pazia tu, na kupitia pazia hilo tulisikia kila tulichosemwa na madereva wa malori.

"Leo Monserati banacheza na nani?"

"Na yeyote. Kwao yote ni sawa, banafungwa tu."

"Nyie!" Mama Hadija aliwakaripia akiwa jikoni. "Mutu akikula kwangu, timu yangu asitukane. Kula unyamaze!"

Sisi upande wa pili tuliinamisha vichwa tukatafuna. Wote isipokuwa Bwambale. Bwambale alikuwa mshambuliaji wetu, namba tisa, kijana mwembamba wa Kikonzo aliyekuwa akivuka mpaka kila wiki kununua kahawa upande wa Beni, na kwa kuvuka huko Kiswahili chake kilikuwa kimegeuka cha Kongo kabisa. Yeye jina lile halikumuumiza. Barabarani wakimwita Monserati alipunga mikono yote miwili kama mheshimiwa. Ndiye peke yake kati yetu aliyewahi kuuliza swali ambalo sote tulipaswa kuuliza. "Lakini bale bantu ba Monserati," alisema jioni moja huku akichovya tonge, "beko namna gani? Banakula nini? Kwao kuko milima?" Hakuna aliyejua, na ukweli ni kwamba hakuna aliyetaka kujua.

Jibu lilikuja lenyewe, Jumamosi moja mchana, katikati ya mechi. Tulikuwa tukicheza nyumbani, na tayari tulikuwa nyuma. Umati ulikuwa umeanza wimbo wake, "Monserati! Monserati!" kwa makofi, wazee kwa watoto, hata wanawake wa sokoni wakiwa na mabeseni kichwani. Niligeuka kuuokota mpira wavuni nikamwona nyuma ya goli mtu mrefu, mweusi kama sisi, ana mfuko wa ununuzi mkononi. Alikuwa amevua kofia na kuiweka kifuani. Machozi yalikuwa yakimtiririka waziwazi, wala hakuyafuta. Mzee mmoja alimsalimu kwa Lhukonzo, lugha ya wenyeji, akatikisa kichwa tu, mzee akaondoka akinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu. Filimbi ya mwisho ilipolia mtu yule alinijia moja kwa moja, akanishika mabega kwa nguvu, akaniuliza kwa Kiingereza, "Nani aliwaambia kwamba niko hapa?"

Sikumwelewa. Akaeleza kwamba jina lake ni Alford, kwamba ni fundi wa umeme, kwamba ameletwa na wafadhili wa kanisa kufunga mitambo ya umeme wa jua katika hospitali ya misheni ya Kisinga, na kwamba siku hiyo alikuja Bwera kutafuta viatu tu. Akasikia kwa mbali umati ukiita nchi yake. Katika safari zake zote, alisema, hajawahi kukutana na mtu aliyeijua nchi yake, sembuse uwanja mzima unaoiimba. Na alikuwa amewahi kuichezea, beki wa kushoto, enzi za ujana wake. Nilihisi jasho likinikauka mwilini. Wenzangu walikuwa wamekusanyika wakiuliza mgeni anasema nini, nami nikawatafsiria, na kila mmoja akaanza kutazama chini.

"Mwambie ni wimbo wa zamani wa hapa," mmoja alinong'ona.

"Hapana," akasema Bwambale. "Ambia yeye ukweli. Mutu amelia mbele ya bantu, tutamudanganya?"

Nikamwambia ukweli. Nilimweleza juu ya redio, juu ya orodha, juu ya maana ya wimbo ule. Nilisema polepole nikitafuta maneno, na kila neno niliona likishuka usoni mwake. Alivaa kofia. Akatazama uwanja wetu, ng'ombe waliokuwa wameshaingia kula majani kwenye kona, umati ukitawanyika.

"Leo tumefungwa ngapi?" akauliza hatimaye.

Nilidhani sikusikia vizuri. Hakusema mmefungwa. Alisema tumefungwa. "Nne," nikajibu.

"Basi si mbaya sana," akasema. "Tumewahi kufungwa zaidi ya hizo."

Tangu siku hiyo kila mwisho wa juma alipanda bodaboda kutoka Kisinga kuja kwetu. Mama Hadija alimpa kiti chenye mgongo, kile kimoja tu kilichokuwapo, na pale chini ya jezi zilizolowa alitusimulia historia ya timu yake huku mimi nikitafsiri na chakula changu kikipoa. Alisema kisiwa chao kizima kina watu wachache kuliko wanaofurika soko la Bwera. Wachezaji wa taifa walikuwa polisi, walimu, waashi, watu waliotoka kazini wakaenda mazoezini na nguo za kazi. Mpira wao ulikuwa na uwanja mjini, karibu na bahari, na hapo ndipo yeye alipochezea. Kisha mlima uliokuwa umelala tangu babu za babu zao ukaamka. Ulitema moto na majivu, ukaufunika mji mkuu mzima, makanisa, maduka, na ule uwanja. Zaidi ya nusu ya watu wakahama, wengi wakaenda Uingereza, na timu ikakaa miaka bila uwanja wake, mechi za nyumbani wakizichezea kwenye visiwa vya watu. Mwaka 2002, siku ileile wakubwa walipocheza fainali ya Kombe la Dunia, wao walikuwa milimani huko Bhutan, Asia, wakitafuta nani ni wa mwisho duniani. Wakafungwa nne, na wengi wao walikuwa wamefika huko wagonjwa. Alford hakuwamo tena kikosini, umri ulikuwa umemtoa, lakini alisimulia kila kitu kwa "sisi". Miaka imepita mingi, alisema, na hatujashinda.

"Na bado munacheza?" Bwambale aliuliza.

"Bado."

"Kwa nini?"

Alford alifikiri. "Kwa sababu tulipokuwa tumetawanyika, uwanjani ndipo tulipohesabiana. Aliyekuja mazoezini tulijua yuko hai."

Nakumbuka sahani zikiacha kugongana upande wa pili wa pazia, kumbe madereva nao walikuwa wakisikiliza. Ninapotazama nyuma naona kwamba ni hapo, wala si mahali pengine, jina lile lilipoacha kuniuma. Halikubadilika. Watu waliendelea kutuita hivyo. Ila sasa nilipoitwa niliwaona waashi na polisi wakikimbia kwenye majivu, nikaitika. Juma moja Alford aliomba jiko, akatupikia mchuzi wa mbuzi wa kwao, wenye karafuu na pilipili, ambao wao huuita maji ya mbuzi. Mama Hadija alionja akiwa amekunja uso, akaonja tena, akasema, "Jina ni baya lakini mtu huyu amefundishwa na mama yake." Mazoezini alinifundisha kuongea. Kipa asiyeongea ni mlingoti, aliniambia. Nami niliyekuwa nikidaka kimyakimya kwa aibu nikaanza kupiga kelele, nikawapanga mabeki, na mabao tuliyofungwa yakapungua, nne zikawa mbili, mbili zikawa moja.

Septemba ilipoingia, mambo mawili yalikuwa yakitusubiri. Kwanza, timu ya kisiwa ilikuwa ikienda kucheza mashindano ya Karibi huko Martiniki, na Bwambale alikuwa amemwapisha Alford kutupa habari za kila mechi. Pili, sisi wenyewe tulibakiwa na mechi ya mwisho dhidi ya timu ya Kasese mjini, na hata sare tu ingetuepusha kushushwa. Bwambale alivuka kwenda Beni Jumatatu kununua kahawa kama kawaida yake, akaniachia viatu vyake vya mpira nivishone. Alitakiwa kurudi siku ya pili. Hakurudi. Simu yake haikupatikana. Siku iliyofuata wanawake wa Kongo walivuka wakikimbia mapigano, na mikeka na watoto mgongoni, na nikiwa nimekaa chumba cha nyuma nikila bila kusikia ladha, niliwasikia wafanyabiashara wakinong'ona upande wa pili wa pazia.

"Lori ya kahawa bameichoma ku njia."

"Na bantu?"

"Bamoja bamekimbilia mupori. Bamoja, sijue."

Mama Hadija aliingia akaniondolea sahani. Hakuniuliza kama nimeshiba. Alikaa kwenye kile kiti chenye mgongo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akaanza kuvuta tasbihi. Kila asubuhi baada ya hapo nilikwenda mpakani kabla ya kufungua duka, nikasimama darajani nikitazama nyuso za wanaovuka. Wapo watu walionipita wamefanana naye mwendo, wengine kofia, na kila mara moyo ulinirukia mdomoni kisha ukashuka mzito zaidi. Mama yake Bwambale aliacha kuja sokoni. Alford alikuja katikati ya juma, ambayo haikuwa kawaida yake, na hakutoa ushauri wowote. Alikwenda uwanjani jioni akakaa kwenye majani. Mmoja wetu akaja akakaa. Kisha mwingine. Tulikuwa timu nzima isipokuwa mmoja, tukakaa pale bila mpira mpaka giza lilipoanza kushuka, na kabla ya kuondoka kila mmoja alitaja jina lake kwa sauti. Sikumbuki nani alianza. Jina la Bwambale tulilitaja pamoja.

Tulicheza ile mechi ya mwisho kwa sababu hatukujua jambo lingine la kufanya. Sikumbuki mengi. Nakumbuka nikipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na mpira mmoja wa kichwa ulioelekea pembeni juu nikaugusa kwa ncha za vidole ukagonga mlingoti ukatoka. Sare, bila bao. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kumaliza mechi bila kuokota mpira wavuni, na tulikuwa tumenusurika kushushwa. Watu walivamia uwanja wakishangilia. Sisi tulipeana mikono kama waliotoka mazikoni, tukaenda kuoga.

Asubuhi yake msichana wa jikoni wa Mama Hadija alikuja dukani akikimbia, akasema ninaitwa mpakani. Nilikwenda pekupeku, ingawa nilikuwa nimezungukwa na viatu. Penye kizuizi askari mnene alikuwa amemsimamisha mtu mwenye koti la kike, refu, la zambarau, nywele zimejaa majani makavu, mguu mmoja umefungwa kanga na umevimba kama kibuyu cha maji. Hakuwa na kitambulisho. Nilimtambua kwa mikono, maana alikuwa ameiinua yote miwili akinipungia.

"Wewe! Simama hapo!" askari aliniamrisha. "Huyu mutu unajua?"

Nilifungua mdomo na sauti haikutoka. Niliimaliza jana yake golini.

"Rashidi," akasema Bwambale, midomo imepasuka, "ambia afande miye ni nani."

"Ni namba tisa yetu, afande," nilinong'ona.

"Namba tisa ya nini?"

"Ya Mizani."

Askari akamtazama kuanzia nywele mpaka kanga. "Ile Monserati?"

"Ndiyo, afande."

"Chukua yeye. Toka hapa, haraka."

Nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi, na koti lile lilinuka moshi, na njia nzima alinikera akilalamika kwamba ninamtikisa. Nililia bila kuficha. Watu wa sokoni walisimama wakatufuata, na tulipofika hotelini Mama Hadija alitoka na mwiko mkononi, akamtazama, akampiga nao begani mara moja, kisha akamkumbatia kichwa akakishikilia tumboni mwake kwa muda mrefu. Mama yake mzazi aliletwa kwa bodaboda. Alford alifika kutoka Kisinga na nesi aliyemkagua mguu, akasema mfupa ni mzima, ni kuteguka na miiba. Ndipo Bwambale akala. Alikula bundu na samaki, akala sombe, akaomba tena, na kati ya tonge na tonge alitupa habari vipande vipande. Walipigiwa risasi, akaruka kutoka kwenye gari, akatembea porini. Wakulima wa kahawa wakamficha kwenye stoo yao, na bibi wa nyumba akampa koti lake. Alisimulia kama mtu anayeeleza alivyochelewa basi. Kisha akaacha kutafuna, akamgeukia Alford.

"Muzee, na Monserati? Balicheza?"

Nikatafsiri. Alford akaitikia kwa kichwa. Mechi mbili za kwanza zilikuwa mbaya, akasema.

"Na ya mwisho? Balifungwa ngapi?"

Alford alitazama mikono yake. Akasema dada yake alimpigia simu siku kadhaa zilizopita, nilipokuwa bado ninasimama darajani, na yeye hakutaka kutuambia, kwa sababu nyumba hii ilikuwa kama ya msiba na si adabu kuingiza furaha yako katika nyumba ya namna hiyo. "Hatukufungwa," akasema. "Tulifunga. Tulicheza na Visiwa vya Virgin, tukafunga saba. Hawakupata hata moja."

"Saba?" nikamuuliza, nikisahau kutafsiri.

"Saba."

Nikawaambia wenzangu. Chumba kikapasuka kwa kelele. Jezi zilishuka na kamba yake. Pazia likafunguliwa, madereva wakaingia na sahani zao mikononi wakiuliza nani ameshinda, na waliposikia wakaanza kumpa Alford mikono mmoja mmoja kama bwana arusi. Mama Hadija alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Alford alikuwa akicheka na kulia pamoja, akirudia ile namba kwa Kiswahili, maana alikuwa amejifunza kuhesabu kwetu. Katikati ya kelele hizo niligeuka kumtafuta Bwambale nimkumbatie. Alikuwa ameegemea ukuta, mguu umenyooshwa kwenye mto, kinywa wazi, amelala fofofo na vidole bado vina bundu. Nilimwonyesha Mama Hadija. Akainua mkono, na watu wote wale, wachezaji na madereva, wakanyamaza ghafla, wakaanza kutoka kwa kunyata mmoja baada ya mwingine. Mimi nilibaki. Nilikaa sakafuni karibu naye, mchana ule wenye joto, nikimsikiliza akikoroma.